Ripoti ya Wiki ya Tatu

Mwalimu Hasiholan,
uliagiza kurasa tano na jedwali:
kushoto tunayofanana, kulia tunayotofautiana.
Nimelikodolea macho tangu magharibi
na masizi ya kiwanda cha sukari yanatua karatasini.

Ni msimu wa miwa huku Kediri. Masizi hayachagui:
yanaangukia majuba yao meupe ya sala,
yanaangukia shati langu la Jumapili,
na kila alasiri twarudi kisimani wote
kufua tulichokifua jana.

Nianze na kosa, maana hukuweka safu ya makosa.
Mama alinifungia nyama ya nguruwe iliyokaushwa,
akasema Java ni mbali, na wali mtupu hauna urafiki.
Niliikumbuka nimeshashuka stesheni.
Nikaiacha juu ya benchi kama kitoto cha kutupwa,
nikaondoka mbio bila kugeuka.

Bwenini tuko kumi na wanane, mabafu mawili.
Mmoja, Istiqomah, hajala nami sinia moja mpaka leo.
Husogeza kikombe chake taratibu, bila chuki,
kama mtu anayeondoa mguu wake njiani.
Hilo sijui ni la kushoto au la kulia.

Wengine waliniuliza juu ya Utatu.
Nikatoa yai, kama ulivyotufundisha:
ganda, ute, kiini; yai moja.
Zumrotul akafikiri, akauliza,
"Na mkilikaanga?"
Tukacheka hadi mlinzi akagonga dirisha.
Mwalimu, lile yai usilifundishe tena.

Zumrotul ndiye jirani wa mkeka wangu.
Saa tisa usiku huamka; maji machache,
kisha kimya kinachosujudu.
Mimi hujifunika shuka nikajifanya gogo.
Usiku wa kumi na moja akaninong'oneza, si kwa kejeli:
"Dada Rotua, wewe Mungu wako humwamkii?"
Miaka mitatu ya Kigiriki,
mahubiri manane yenye alama za juu,
na sikuwa na la kumjibu.
Neno dua ni lao na letu;
wao wanalivaa, mimi nimelitundika kabatini.
Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe:
naye kweli alimaliza, akajilaza, akakoroma,
nikabaki nahesabu mijusi darini hadi kukucha.

Alhamisi simu ikaja. Baba yake
ameanguka kwenye miwa, hakuinuka.
Hatua za kumfariji mfiwa nilizijua zote,
nilizifanyia mtihani.
Nikasimama mlangoni nazo kinywani kama kokwa
isiyomezeka, wala huwezi kuitema mbele za watu.
Nyai Muslikhah akanitazama, akanipa kisu.
Kilo kumi na mbili za vitunguu, kwa chakula cha kisomo.

Nikakaa kati ya wanawake nisiowajua majina.
Upande wa pili wa ukuta wanaume walisoma,
sauti zikipanda na kushuka kama watu wabebao kitu kizito.
Istiqomah akaja, akaketi mkabala nami,
akavuta beseni lile lile.
Hakusema neno. Maganda yake yaliangukia maganda yangu.
Kila mtu alikuwa analia
na sikuweza kujua
ni nani anayelia kwa kitunguu.

Zumrotul yuko kwao, kwa mama yake.
Mkeka wake umekunjwa.
Jana saa tisa niliamka bila kuitwa.
Sikupata la kusema. Nikakaa tu
pale ambapo sauti ya maji ilipaswa kuwa.

Jedwali lako ndilo hili, samahani, li tupu.
Ukilinusa kulia lina vitunguu.
Kushoto ni masizi; nilijaribu kuyapangusa, yakasambaa.

Naomba wiki moja zaidi.
Nguo zangu bado ziko kambani.