Alama za Penseli

Marekhi hakuniuliza jina. Alinionyesha ukuta.
Kando ya jiko la kuni, toka kiunoni hadi utosini,
vijistari vya penseli, mamia,
kimoja kwa kila mara taa ilipokonyeza.
"Huyo ni Bimurza," akasema, akimwelekezea jirani kidevu.
"Anachimba pesa zisizoshikika
ndani ya zizi la ng'ombe wa baba yake."

Na kweli zizi lilivuma.
Theluji ya Svaneti ililala juu ya kila paa
isipokuwa lile.

Nikafungua sanduku la umeme,
nikabana nyaya tatu, kisha ya nne, nyutro,
nikaiacha mashine yangu hapo siku saba
kama mgonjwa aliyewekewa kipimajoto kwapani.

Umeme mzima ni pumzi ya aliyelala:
hupanda, hushuka, mara hamsini kwa sekunde,
haujui kama unatazamwa.
Wa hapa ulikuwa umenyolewa utosi.
Kila wimbi likikaribia kilele, kilele hakipo,
kimeliwa na mashine za zizini,
ambazo hazinywi mpaka wimbi lijae,
kisha hunywa zote pamoja, kwa pupa.

Basi mama ana haki, nikajiambia.
Lakini mashine hizo hazina usiku wala mchana,
na vijistari vya ukutani huja kwa makundi:
Jumanne kumi na tisa. Jumatano hakuna.
Ijumaa, kabla ya kukamua, thelathini na kitu.

Nikaweka grafu ubavuni mwa ukuta.
Volti mia mbili na thelathini, thelathini na moja, thelathini,
halafu, ghafla, mia mbili sitini na mbili;
na kwa Bimurza, papo hapo,
mia moja themanini na nane.
Huyu anazidishiwa, yule anapunjwa, kwa pigo moja.
Kila alama ya penseli ilikuwa na kilima chake kwenye karatasi yangu,
ila ilitangulia kwa dakika nne.
Saa iliyokimbia ilikuwa yangu.

"Siku hizi kulikuwa na nini?"
"Upepo," akasema,
kama mtu aliyeulizwa kama maji hulowesha.

Nikapanda nguzo.
Nyutro ni waya usioonekana kumpa mtu chochote,
nao ndio unaowapatanisha wote.
Vimawimbi vya tatu, vinavyozaliwa na mashine kama zile,
humo havifutani; vinajumlishana,
na joto lao lilikuwa limekipika kibano hadi kikalegea.
Unga mweupe. Weusi wa kuungua.
Shaba imefungwa juu ya aluminiamu,
kosa ambalo hata mwanagenzi hupigiwa kelele.
Kwenye kibati, namba ya fundi:
417.

Yangu.
Miaka kumi na moja. Mvua ya mawe, gari linapiga honi,
vibano vinavyofaa vimekwisha.
Nilisema nitarudi.

Nilikaa juu ya nguzo kuliko kazi ilivyotaka.

Kibano kipya. Mzigo wa zizi nikaugawa kwenye nyaya zote tatu.
Nikamweleza Bimurza habari za chujio la mawimbi;
akauliza bei, nikaitaja,
akageuka kuitazama milima.
Utosi wa wimbi bado umenyolewa, kidogo.

Kwenye ripoti niliandika: kibano kimechakaa.
Nikafuta.
Kibano kilifungwa vibaya. Nikaweka namba.

"Kwa hiyo si yeye?" akauliza Marekhi.
"Ni yeye kidogo. Ni upepo. Zaidi ni mimi."
Hakusema neno. Akakata jibini vipande viwili,
akavifunga kwenye kitambaa, kimoja kimoja.
"Hicho kikubwa mpelekee Bimurza.
Mimi bado sijafika huko."

Jioni upepo ukashuka kutoka barafuni,
ukatikisa mabati, ukatikisa nyaya.
Alisimama kando ya ukuta, penseli mkononi.
Hakunitazama mimi.
Aliitazama taa.