Chini ya Mkate

Saa nne usiku, Lubumbashi. Gunia la tatu
nimelifungua kwa meno, maana kisu anacho Mwepu,
na Mwepu bado yuko mlangoni, anatafuta yuniti.

Akiingia atanawa mikono.
Hunawa kama daktari wa upasuaji:
vidole, viwiko, tena vidole,
mpaka donge limeumuka bila yeye.
Kisha: “Mama Ngoie, leo tumechoka, eh?”
Tu-mechoka.

Umeme ukikatika, ndiye wa kwanza kukaa.
Ukirudi, ndiye wa mwisho kuamini.

Mwaka jana nilimwambia patroni.
Patroni akacheka, akampa Mwepu kofia nyeupe,
akamsimamisha mbele, kwenye dirisha la kuuzia,
kwa sababu anajua kuchekesha wateja.
Sasa alfajiri wamama wa Katuba wanakuja na mabeseni:
“Nipe ishirini za Mwepu, za moto!”

Za Mwepu.

Basi kila usiku, kabla tu ya tanuri,
nabonyeza kidole gumba chini ya kila donge,
moja moja, mia nne na kumi.
Kovu langu linatoka vizuri, hata mshono unaonekana.

Hakuna anayegeuza mkate.