Kipengele cha Saba

Kiwanja namba 114, Kitalu C, Mtoni Kijichi.
Mita za mraba mia tatu na tisini
na kisima kimoja, ambacho kina chake sikukiandika:
tepu yangu iliishia gizani, kabla ya maji.

Kaskazini, ukuta wa msikiti.
Kusini, jiko la kigango, maharage ya wanakwaya yakichemka.
Magharibi, makaburi matatu ya kina Mwinyigogo,
sahani za kauri kichwani, moja imeng'olewa.
Mashariki, barabara, ambayo haimdai mtu kitu.

Katibu wa msikiti, Shomvi Kaimu, alinipa kiti na kashata.
"Andika. Sharifu alichimba hapa kwa mikono yake,
watu wakatawadha kabla hatujapata tofali la kwanza."

Katekista Mbawala alinipa chai, akaikoroga mwenyewe.
"Andika. Bibi mzaa bibi yangu alifika na alama za mnyororo shingoni,
akabatizwa kwa ndoo ya kisima hiki.
Jina alilozaliwa nalo lilibaki humo."

Bi Chausiku Mwinyigogo hakunipa kitu.
Alivua kandambili, akanyunyiza unga wa mtama kwenye jiwe,
akaniambia bila kugeuka:
"Wote hao walikuja na kiu. Waulize nani aliwachotea."

Afisa mapato alipiga simu mara nne.
"Andika Manispaa, bwana, tufunge mita, tumalize."

Jioni Tandika, kwa kinyozi, redio ilikuwa kule kule,
kwenye mji ule ambao kila anayeupenda ana jina lake la kuuita.
Nani autawale?
Waliotangulia, alisema muuza betri.
Walio wengi.
Waliozika wengi zaidi.
Wapewe wageni wa kofia za buluu, alisema kinyozi,
wasioswali humo, wasiosali humo, wasio na kaburi la mama humo,
na mashine yake ikasimama juu ya sikio langu
ikisubiri na mimi niseme.
Nilikuwa nimenyolewa nusu kichwa. Nikanyamaza.

Wanasema ndani ya jina la mji ule mna amani,
kama ndani ya jina la huu wetu. Sijui.
Mtaani kwetu mtoto akiitwa Amani
watu hujua alizaliwa katikati ya ugomvi.

Usiku nikapiga hesabu upya.
Pembe zote zilifunga; kosa, sentimita mbili.
Maneno yao nayo niliyapima,
ya Shomvi, ya Mbawala, ya yule mama wa unga,
nikitafuta mwongo, kazi iwe nyepesi.
Sikumpata.
Kipengele cha saba kinasema Mmiliki,
kisha mstari mmoja, mfupi kama kidole.
Fomu inajua mwenye. Haijui wenye.

Alhamisi nikamwaga zege la bikoni ya mwisho,
nikachora namba kwa msumari.
Akaja binti mwenye sare za shule, ndoo imejaa,
akasema shikamoo,
akaitua juu ya bikoni apumzishe shingo.
Zege lilikuwa bichi.
Kitako cha ndoo kikaacha duara juu ya namba yangu,
kama muhuri wa ofisi ambayo bado haijafunguliwa.

Kung'oa bikoni ni kosa, sheria inasema.
Kuhusu ndoo haisemi.
Nikaliacha likauke hivyo hivyo,
nikamtwisha.

Faili liko kwa mkuu wa idara.
Kipengele cha saba nimekijaza kwa penseli.