Uchafuzi

Karatasi zilikunjwa, zikatiwa sufuriani
ofisini kwa chifu, Khwisero, mbele ya mashahidi,
na mtoto wa shule akafungwa macho kwa leso
achague chemchemi zitakazopata dawa.
Kwa Andala ikapata: tangi la buluu, nguzo,
bomba unalolizungusha mara moja kwa kila mtungi.
Kwa Ambetsa haikupata kitu.
Kwa Ambetsa ilipata jina: kijiji cha kulinganishia.

Mimi ndiye niliyelipeleka jina hilo
mlango kwa mlango, miezi kumi na minne,
viatu vimejaa udongo mwekundu, kishikwambi kwapani.
Swali la tisa: katika siku saba zilizopita,
kuna mtoto wa chini ya miaka mitano aliyehara?
Swali la kumi: watoto wako ni wangapi?
Na mama huhesabu kwa vidole,
akiruka kidole kimoja
ambacho fomu haikukiuliza.

Huku kwetu mgeni hapewi jibu la kumvunja moyo.
Muulize mtu, "Unatia dawa majini?"
Atakwambia natia, tena atakuongezea ndizi.
Ndiyo maana tulifundishwa tusiyategemee maneno,
tukapewa kichupa na vidonge:
maji yenye dawa hugeuka rangi ya waridi,
yasiyo nayo hubaki yalivyo, yakikutazama.
Maji hayana adabu. Hayamwonei mgeni haya.

Basi Jumanne moja, Kwa Ambetsa,
nyumba ya ishirini na tatu, kwa Trufosa Omina,
nilichota kikombe kwenye mtungi wa pembeni,
nikatia kidonge, nikatikisa,
kidole tayari kimeielekea sifuri.
Yakawa waridi.
Waridi kabisa, kama ufizi wa mtoto.

Nikarudia. Waridi.

Trufosa alikuwa akichambua kunde, hakuinua macho.
"Naenda Kwa Andala," akasema. "Saa kumi alfajiri,
kabla wenyewe hawajapanga foleni.
Mliposema ile ni ya wale na hii ni yetu
nilisikia vizuri. Lakini huyu,"
na aliyekuwa mgongoni akapiga chafya,
"huyu hakuwemo kwenye sufuria yenu."

Jioni nikampigia Bwana Lumwagi, msimamizi.
Nikasikia redio yake ikizimwa.
"Wangapi?"
Saba, nikasema, kati ya thelathini.
"Huo ni uchafuzi."
Ndivyo unavyoitwa: wasiopewa
wakikipata walichopewa majirani, tofauti hupungua,
na tofauti ikipungua wizara itasema dawa haifai,
na tangi litang'olewa hata Kwa Andala.
Hakukosea. Hapo ndipo paliponiuma.
Akina mama saba, maji safi kichwani,
lita ishirini ishirini, wakiteremka gizani
kwa nyayo wanazozijua,
na sisi twaita uchafuzi.

Sikufuta. Hesabu iliyodanganywa kwa huruma
bado imedanganywa,
na Trufosa hakuniomba nimfiche.
Niliandika waridi penye waridi.
Kisha nikafungua safu ya mwisho, ya maelezo,
ile isiyosomwa na mtu,
herufi mia na themanini, hazizidi,
nikaandika:

Pimeni pia mlima. Pimeni saa kumi alfajiri.
Anayeiacha chemchemi iliyo mlangoni pake
akafuata nyingine ng'ambo ya mlima,
gizani, na mtoto mgongoni,
hajaliharibu swali lenu, amelij

Herufi zikaniishia hapo.