Sifuri, Moja, Mbili

Utepe wa mkono naujua.
Unauzungusha juu ya kiwiko, unavuta, unasoma:
kijani, nenda nyumbani; manjano, nitarudi Alhamisi;
nyekundu, hapana kungoja.
Mizani ya kuning'iniza naijua pia,
na jinsi vichanga wanavyokanyaga hewa
kama wanaotafuta ngazi.

Mwaka huu tumeletewa fomu ya kupima hasira.
Ni ya watoto wa miaka tisa hadi kumi na mmoja,
waliobakisha kidogo kuvunja ungo, kuvunja sauti.
Maswali saba. Majibu matatu:
si kweli, kweli kidogo, kweli kabisa.
Sifuri, moja, mbili.

Siku ya mafunzo tulibishania neno moja hadi chai ikapoa.
Mmoja alitaka hamaki. Mwingine, ghadhabu. Tukacheka,
ghadhabu ni ya Mungu, haiketi darasa la nne.
Kisirani? Hilo ni tusi.
Gubu? Waachie mawifi.
Tukaandika: mwepesi wa hasira.
Mwepesi!
Mimi nimewahi kumbeba mtoto aliyekasirika, toka sokoni hadi zahanati.
Hakuwa mwepesi.

Nyumba ya sita, Webuye, nyuma ya kiwanda cha karatasi.
Nasambu, miaka kumi,
anachagua maharagwe kwenye ungo.
Huudhika haraka?
"Mbili," mama akajibu, swali likiwa bado mdomoni mwangu.
Hasira yake hukaa muda mrefu?
"Mbili. Andika mbili kote, dada, jua hili litakuua."
Nikamwita mtoto kando, kama fomu inavyotaka,
penye kamba ya nguo.
"Sifuri," akasema.
"Sifuri. Sifuri."
Kwa sauti ya mtu anayefunga madirisha
kabla mvua haijafika.

Mama, kumi na mbili. Mtoto, sifuri.
Kati yao ua mdogo, kuku mmoja, na beseni lenye ufa.
Sikufundishwa kugawanya hapo.

Walituambia: msihesabu milipuko peke yake.
Mlipuko hata jirani anauhesabu, tena kwa ziada.
Tazameni katikati,
kikombe kimoja kikishavunjika na cha pili bado kizima,
uso wa mtoto unakaa vipi?

Basi nikaomba maji. Nikayanywa polepole
kama mtu asiye na nyumba ya saba.
Ndipo nikaona:
kila pikipiki ikikata kona pale kwenye kinu cha unga,
mkono wa Nasambu husimama juu ya maharagwe.
Inapita. Mkono unaendelea.
Nyingine. Unasimama. Inapita.
Ya nne haikupita.
Ilizimwa mlangoni.

Mama alikaza leso kiunoni, akaanza kucheka
kabla ya mtu kusema neno.
Nasambu akainuka, akaupiga ungo teke.
Maharagwe yakamwagika hadi chini ya magurudumu.
"Umeona?" mama akaniambia. "Bila sababu yoyote."
Mwanamume akavua kofia ya chuma, akaniuliza
naandika habari za nani.
"Za afya," nikasema.
"Nani mgonjwa hapa?"
Kuku alikuwa amekwisha kuanza kula.

Nilipiga magoti, nikaokota pamoja naye.
Tuliokota muda mrefu, mawe na maharagwe pamoja,
tukiacha kuchagua.
Akaninong'oneza, bila kuinua kichwa:
"Hiyo karatasi yenu ni ya watoto tu?"

Swali la saba sikuliuliza.
Pembeni mwa fomu, pale palipoandikwa *usiandike hapa*,
niliandika: masikio yake husikia pikipiki kabla ya mbwa.
Nikasoma nilichoandika. Sikukifuta.
Rangi sikuijaza.
Nikamwambia mama, kwa sauti ya kutosha kufika mlangoni,
nitarudi Alhamisi.