Chumvi Imeingia

Daktari alisema: chochote baridi atakachokubali.
Uji aliukataa. Maji ya machungwa yalimchoma.
Wiki ya sita baada ya mionzi, Mzee Khaemba
akaandika kwenye daftari la hesabu la mjukuu wake:
chokoleti. ya baridi. ile ya kuramba.

Dukani, kopo dogo ni nauli yake ya kliniki,
kwenda na kurudi. Nikalirudisha kopo.
Friji yetu ilikufa mwezi wa pili, stima iliporudi kwa kishindo;
siku hizi inatunza unga na sare za shule.
Mashine ya kugandisha? Sijawahi hata kuiona.
Lakini nilisoma sayansi ya darasa la saba,
na Mwalimu Kithome hakupoteza chaki bure.

Lita moja ya mashine ya maziwa, pale chini ya ghorofa.
Kakao vijiko vitano, sukari kikombe kasorobo,
unga wa kastadi kidogo, ushike.
Koroga, usiondoke. Maziwa yana tabia ya mtoto:
ukigeuka tu, yako sakafuni.
Yalipoupaka mgongo wa kijiko yasichuruzike
nikamega chokoleti, ikazama, ikatoweka,
na nyumba yote hii ya Umoja, vyumba viwili,
ikanukia sikukuu isiyo kwenye kalenda.

Barafu nilipewa na Akelo muuza samaki.
"Imelalia mbuta hiyo," akanionya. "Ibaki nje ya sufuria."
Nikaiponda guniani kwa mchi
hadi jirani wa chini akagonga dari lake kwa ufagio.
Beseni la kufulia. Barafu. Chumvi ya mawe, konzi mbili.
Sufuria ndogo katikati, kama mtoto anayeogeshwa.

Hapa ndipo Mwalimu Kithome alipokuwa akitabasamu:
chumvi huiyeyusha barafu,
na barafu ikiyeyuka hutafuta joto la kuiba,
huliiba popote, hata vidoleni.
Zungusha kulia. Zungusha kushoto.
Fungua, kwangua pembeni,
vunja chembe kabla hazijawa kokoto.
Nusu saa: supu bado.
Saa nzima: uji wa mgonjwa.
Stima ikapotea. Nikacheka peke yangu;
ni lini tena mtu wa Nairobi atasema haihitaji?
Gizani nikamsikia akikohoa,
nikazungusha kwa kasi zaidi, mikono imekufa ganzi,
mpaka sufuria yenyewe ikagoma.

Kwetu mke wa mwana hamlishi baba mkwe.
Miaka kumi na mmoja tumesalimiana kupitia watoto,
kupitia mlango, kupitia "mwambie chai iko tayari."
Mwanawe yuko zamu ya usiku, watoto wamelala.
Nikaweka bakuli kwenye stuli, nikarudi hadi ukutani.
Mshumaa ulituona. Kijiko kikatetemeka mkononi mwake,
kikaanguka.
Tukakitazama, wote wawili, kwa muda mrefu.
Nikakiosha. Nikaketi.

Akafungua mdomo huku akiangalia dirisha,
nami nikalisha huku nikiangalia mshumaa.
Tangu mionzi, kila kitu kwake kilikuwa karatasi:
kuku karatasi, chai karatasi,
hata ndizi za kutoka nyumbani, Kimilili, karatasi.
Akaishikilia ulimini. Akafumba macho.
Akakunja uso.
Nikajua nimemwumiza.
Kisha ile sauti iliyobaki, mchanga juu ya bati:

"Chumvi. Chumvi imeingia."

Nikaonja. Kweli kabisa. Maji ya beseni
yalipenya chini ya kifuniko wakati ule wa giza.
"Umeisikia, baba?"
"Si nimekuambia? Umeharibu."

Akafungua mdomo tena.