Mjusi wa Al-Hamra

Nimehesabu magamba ya tumbo mara tatu:
mia moja na nne. Vitabu vyote vinakomea tisini.
Kidole gumba hakina ukucha,
mkia haufiki urefu wa njiti ya kiberiti.
Nikamtia katika spiriti, nikaandika kwa penseli:
*Al-Hamra, ukutani, saa nne usiku.*
Mahali pa jina nikaacha wazi.

Mama, aliyetoka Wete na sanduku moja la bati,
akavaa miwani, akaiinamia chupa:
"Hangaiko lote hili, Ghaniya,
kwa mjusi kafiri?"

Leo kapiga simu bwana wa bustani ya wanyama, Al Ain.
Anataka wawili, dume na jike.
Chumba cha kioo kiko tayari, na mashine ya ubaridi.
Bei kaitaja polepole,
kama amhesabiaye mtoto peremende.
Nikamjibu: tunaye mmoja, na yumo chupani.

Usiku Mama kazima taa zote ila ya barazani.
Nyuma ya mita ya maji, jike kanona,
mayai mawili yaonekana chini ya ngozi.
"Mwache ale nondo wake," asema.

Penseli nimeisahau kazini.
Kusudi.